Mti Usio na Udongo

Nabhan alilileta Jumanne, limefungwa blanketi,
akaliweka kati ya mbuzi ya nazi na jiko la gesi:
sanduku jeupe, halizidi debe la mafuta.
"Ni la mrehani, Mama. Na kotimiri kidogo."
Nikaamini, kwa kuwa nilitaka kuamini,
na kwa kuwa mrehani wa Kongowea siku hizi
ni majani matatu wanayoyaita kishada.

Hakuna udongo. Maji tu, na pampu ndogo
inayonong'ona usiku kucha kama mtu avutaye uji kwa mrija,
na taa ya zambarau
iliyowafanya wa ghorofa ya pili waulize
kama tuna maulidi au tuna jini.
Tuna mrehani, nikawaambia.

Wiki ya tatu jani likafungua vidole.
Vitano. Kisha saba.
Mimi nimezaliwa Kibokoni, nimekulia Kibokoni;
hakuna wa kunifunza jani lile.
Sikusema kitu. Nilikaanga viazi karai,
nikapima bizari kwa kiganja,
na kila mteja aliyenusa mara mbili
nilimtilia ukwaju zaidi.

Udi ukaanza kuniisha.
Nilifukiza asubuhi, nikafukiza alasiri,
chetezo hakikupoa hata kikapasuka mdomo.
Bi Shekue wa mlango wa pili akauliza:
"Kwani waozesha?"
"Napenda tu nyumba inukie."
Uongo huzaa; wangu ulikuwa tayari na wajukuu.

Siku moja, Nabhan yuko kazini, nilifunua kifuniko.
Mizizi. Lo, mizizi!
Myeupe, mirefu, imening'inia majini
kama nywele za kizee aliyetoka kuoga.
Nikaukumbuka mkono wa Lali,
mishipa yake ikiikimbia sindano.

Lali, nduguye mkubwa, hakuanza na jani.
Alianza na unga, kichochoroni, mchana kweupe,
akamalizia Kikowani, upande wa ukuta,
chini ya udongo mwingi kuliko umri wake.
Na huu hauna hata punje.

Watu husema yote ni mamoja: moshi, unga, vidonge.
Mimi niliyemfuta Lali mate kwa leso yangu
najua si mamoja.
Lakini najua pia kwamba mlango ni mlango,
hata ule wa kupitia paka.

Alhamisi ile stima ilipotea.
Sikuamshwa na giza; giza halina sauti.
Niliamshwa na kimya cha pampu.
Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiamka miaka ile,
pumzi ikikatika chumba cha pili,
miguu ikiitangulia akili.

Nabhan yuwalala, kinywa wazi.
Nikashika upawa.
Nikakoroga polepole, kama tui lisikatike,
nikachota na kumimina, nikachota na kumimina,
maji yapate kupumua,
mpaka muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti
nami bado nimesimama gizani
nalea kitu cha haramu kama mtoto mwenye homa.
Nilicheka. Kisha sikucheka.

"Mti wako uko hai," nilimwambia.
"Nimeukeshea. Sasa utoke kabla ya adhuhuri,
na usiniambie waupeleka wapi."
Alitaka kusema gharama. Alitaka kusema, Mama, ni dawa hii.
Akaviona vidole vyangu, vimekunjana kwa maji,
akanyamaza.
Aliutoa kwa mikono miwili.
Mizizi ilidondosha maji kutoka jikoni hadi ngazini,
mimi nyuma yake na tambara.

Leo shimo la sanduku liko wazi,
taa inamulika maji matupu.
Bi Shekue ameniletea kijiti cha mrehani
kilichofungwa gazeti;
kimelala kando ya bizari, sijaamua.

Pampu sijaizima.